Baiskeli kwenye barabara za mjini: hatari ziko wapi hasa na unazikwepaje

Nimepanda baiskeli kwenda na kurudi kazini zaidi ya miaka kumi sasa, na kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku ya kwanza ni kwamba kile unachokiogopa sicho kitakachokupata. Mgeni barabarani anaogopa gari linalokuja nyuma, akili yake yote iko mgongoni, kila akisikia injini anajibana pembeni mpaka tairi linakaribia kugusa ukingo, na huko alikojibana ndo kwenye milango ya magari yaliyopaki, ndo kwenye mifuniko ya mitaro, ndo kwenye ule ubavu wa lori ambao dereva haoni kitu. Kugongwa kwa nyuma kupo, siwezi kusema hakupo, hasa usiku na kwenye barabara za mwendo mkali, na ikitokea huwa mbaya sana. Lakini ndani ya mji, kwenye foleni na taa na kona, ajali nyingi za baiskeli na gari zinatokea makutanoni na zinaanzia mbele yako au ubavuni, gari linalokata kona, gari linalochomoza kwenye barabara ndogo, mlango unaofunguliwa ghafla.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilikadiria watu milioni 1.19 wanakufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na waendesha baiskeli ni kama asilimia 6, piga hesabu utaona ni watu kama 70,000, wengi wao walitoka tu nyumbani kwenda sehemu ya kawaida. Sitaji hiyo namba ili mtu aogope kupanda baiskeli. Kinachoniuma ni kwamba mitego mingi ni ileile, inajirudia kila mji wenye magari, na mtu akishaielewa anaanza kuiona mita 30 kabla hajaifikia.

Kitu kimoja kabla sijaendelea: nchi zingine magari yanapita kushoto na zingine kulia, kwahiyo nikisema pembeni namaanisha upande wa ukingo wa barabara, na nikisema katikati namaanisha upande yanakopishana magari. We weka kwa jinsi ya huko uliko.

Toka ukingoni

Hili ndo la kwanza na ndo gumu kuliko yote kwa sababu mwili wenyewe unakataa. Ukijibana kabisa pembeni unapita juu ya kila kitu ambacho magari yamekisukuma huko, vipande vya vioo, misumari, mchanga, alafu huna pa kukimbilia, ukikutana na shimo kushoto kuna ukingo kulia kuna gari (au kinyume chake), na zaidi ya hapo unakuwa umempa dereva wa nyuma ujumbe kwamba nafasi inatosha, nipite tu ndani ya leni hiihii. Naye anapita kweli, bila kupunguza mwendo, bila kuhama leni, saidi mira inapita karibu na kiwiko chako na upepo wake unakuyumbisha. Ukiwa umekaa mbali kidogo na ukingo, dereva huyohuyo inabidi aamue, ama asubiri ama ahame leni akupite vizuri. Wengi wanaamua vizuri wakilazimika kuamua.

Uingereza walibadilisha kanuni zao za barabarani mwezi wa kwanza 2022 na wakaandika wazi kwamba mwendesha baiskeli kwenye barabara yenye magari mengi akae angalau nusu mita toka ukingoni, na zaidi pale ambapo ni salama zaidi, na dereva anayempita aache angalau mita 1.5 akiwa kwenye mwendo wa mpaka maili 30 kwa saa, yani kama kilomita 48. Nusu mita mi naichukulia kama kiwango cha chini kabisa. Kwenye leni nyembamba ambayo gari na baiskeli haviwezi kukaa pamoja, kwenye kukaribia makutano, kwenye foleni inayotembea kwa mwendo wako, kaa katikati ya leni kabisa, ushike nafasi yako kama gari. Barabara ikipanuka rudi pembeni uwapishe, hiyo nayo ni sehemu ya kuishi vizuri na wenzako.

Ila kuingia katikati ya leni kuna namna yake. Geuza kichwa uangalie nyuma kwanza, nyoosha mkono, hakikisha dereva wa nyuma amekuona na amepunguza, ndo uingie taratibu. Ukichomoka ghafla hata dereva mwema atakugonga. Na kugeuza kichwa kunahitaji mazoezi, mtu asiyezoea akiangalia nyuma baiskeli inamfuata macho, anaelekea huko anakoangalia. Tafuta uwanja mtupu wenye mstari chini, endesha juu ya mstari alafu geuka uangalie nyuma uhesabu mpaka mbili urudi mbele uone bado uko kwenye mstari au umehama. Siri iko kwenye mabega, legeza kiwiko cha upande ule mwingine, geuza kidevu tu kifike begani, usizungushe kiwiliwili chote. Wiki moja inatosha.

Na tafadhali, usiingie-ingie kwenye mapengo kati ya magari yaliyopaki. Unaona pengo la magari mawili hapo unajisogeza ndani ili upishe, baada ya sekunde 4 pengo limeisha unatakiwa kutoka tena, na kwa dereva wa nyuma we ni mtu aliyepotea alafu akatokea mbele ya bampa. Nyoosha mstari mmoja uendelee nao.

Milango

Mwaka wangu wa pili mlango ulinipata. Ilikuwa asubuhi, barabara tambarare, mwendo wangu wa kawaida, sikuwa na haraka, na nilikuwa napita karibu na msururu wa magari yaliyopaki kwa sababu kulikuwa na basi nyuma yangu na nilitaka kulipisha. Nilichokiona ni mstari mwembamba tu unaong'aa, ule ukingo wa mlango ukiwa umetoka kama upana wa kiganja, na kabla kidole hakijavuta breki ncha ya usukani ilishaugusa. Watu wanadhani unagonga mlango unaishia hapo. Hapana. Usukani ukiguswa upande mmoja unageuka wenyewe kuelekea mlangoni, mwili wako unaenda upande wa pili, yani unarushwa barabarani, mbele ya chochote kilichokuwa kinakufuata. Nilianguka nikiwa naangalia bampa la lile basi, lilikuwa na tope lililokauka, na lilisimama kama hatua tatu kutoka kichwani kwangu kwa sababu dereva wake alikuwa ameacha umbali. Mtulinga ulivunjika. Yule bwana wa kwenye gari alishuka mikono kichwani anasema "ndugu yangu, samahani, sikukuona, wallahi sikukuona," na nilimwamini kabisa, hakuniona.

Fanya hesabu ndogo. Kilomita 20 kwa saa ni mita tano na nusu kila sekunde. Ukihitaji sekunde moja tu kushtuka na kuvuta breki umeshasafiri urefu wa gari zima, na mlango unafunguka kwa muda mfupi kuliko huo. Maana yake mlango haukwepeki kwa wepesi, unakwepeka kwa umbali. Zile kanuni za Uingereza zinasema acha mita 1 au upana wa mlango ukipita magari yaliyopaki, mi naongeza kidogo kwa sababu usukani nao una upana wake. Kama barabara ni nyembamba huwezi kuacha hiyo mita bila kuziba leni, basi ziba leni, na kama umeshindwa kuziba, punguza mwendo uwe kama mtu anayekimbia polepole.

Kuna dalili za kusoma pia. Taa za breki zimezimika sasa hivi, maana yake gari limetoka kupaki na mtu atashuka. Kichwa kinaonekana kupitia kioo cha nyuma. Tairi la mbele limegeuzwa nje, hilo linataka kutoka. Teksi imesimama ghafla kwenye foleni, abiria anaweza kushuka upande wowote, hata upande wa katikati. Mimi macho yangu yanatembea kwenye vioo vya nyuma vya magari yaliyopaki kama mtu anayesoma mstari kwa mstari, imekuwa tabia.

Na ukiwa we ndo uko ndani ya gari, fungua mlango kwa mkono wa mbali, ule ambao hauko upande wa mlango. Kuna tabia hiyo inahusishwa sana na Uholanzi, na ni kitu kidogo mno lakini mkono wa mbali unalazimisha bega ligeuke, bega linageuza kichwa, na macho yanaangukia kwenye kioo na barabara ya nyuma. Wafundishe watoto wako kwenye siti ya nyuma.

Malori na mabasi marefu

Hapa naomba usome taratibu. Gari refu likikata kona, matairi ya nyuma hayapiti palepale yalipopita ya mbele, yanakatiza kwa ndani, na lori likiwa refu ndo yanakatiza zaidi. Dereva analijua hilo, kwahiyo kabla ya kukata kona ya pembeni anajipanua kwanza kuelekea katikati ili mkia upate nafasi. Sasa we uko nyuma yake na baiskeli, unaona lori limehama kuelekea katikati, pembeni pamefunguka nafasi nzuri kabisa inayokupeleka mpaka mbele kwenye taa. Unaingia. Taa inawaka kijani, kichwa cha lori kinageuka kuja upande wako, na ile nafasi inaanza kufunga kuanzia mbele kurudi nyuma, ukingo uko upande mmoja, ubavu wa lori upande mwingine, na matairi ya nyuma yanakuja yakikatiza kona. Dereva haoni, hasikii, na mwendo ni mdogo tu, hata kilomita 10 kwa saa haufiki. Nimeshuhudia mara moja kijana akitupa baiskeli na kuruka juu ya ukingo, baiskeli ikabaki chini. Nilikaa pale pembeni na yeye muda mrefu, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Kwahiyo sheria yangu ni moja haina mjadala, usipite lori au basi refu kwa upande wa pembeni kwenye makutano au karibu na makutano, hata kama halijawasha indiketa, hata kama limesimama, hata kama kuna njia ya baiskeli imechorwa hapo chini. Rangi ya barabarani haizuii tairi. Kaa nyuma yake, mahali ambapo unauona uso wa dereva kwenye saidi mira, maana kama huuoni uso wake yeye hakuoni kabisa. Na hata ukiuona bado sio uhakika kwamba anakuangalia.

Usijipange pia mbele karibu kabisa na pua ya lori. Kabini iko juu, dereva anaangalia mbali, mtu aliyesimama chini ya kioo cha mbele anaweza asionekane. London walifika mahali wakaweka sharti kwamba malori ya zaidi ya tani 12 yawe na kibali kinachopimwa kwa jinsi dereva anavyoweza kuona moja kwa moja kupitia vioo vya kabini, walianza kulisimamia 2021 na 2024 wakaongeza kiwango, kwa sababu walikuwa wanapoteza waendesha baiskeli namna hiyohiyo ninayoielezea. Na lori likikukuta we umeshasimama likajipanga ubavuni kwako, hapo sio kosa lako ila maisha ni yako, shuka, panda juu ya njia ya waenda kwa miguu, liache liende. Sekunde 20 tu.

Mabasi yana la kwao la ziada, yanaingia kituoni na kutoka. Ukiliona linapunguza kuelekea pembeni usishindane nalo kwa ndani, subiri nyuma. Na ukilipita kwa katikati likiwa limesimama, kumbuka kuna watu watatokea mbele yake wanavuka bila kuangalia.

Makutano, na kwanini wanasema hawakukuona

Dereva akisema sikukuona mara nyingi anasema kweli, na inafaa uelewe kwanini. Macho yanaporuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa ule muda mfupi wa kuruka ubongo hauchukui picha, unajazia tu, kwahiyo dereva akitupa jicho haraka kushoto na kulia kitu chembamba kama baiskeli kinaweza kuangukia kwenye pengo. Alafu kuna zile nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele, baiskeli nzima inajificha nyuma ya nguzo moja, na ikitokea wewe na yeye mnakaribia makutano kwa mwendo unaoendana unabaki umejificha palepale mpaka mwisho. Na kitu kinachomjia mtu moja kwa moja huwa hakionekani kutembea, kinaonekana kimesimama, alafu ghafla kinakuwa kikubwa.

Dawa yake kwanza ni pale unapokaa. Kabla ya makutano sogea kuelekea katikati ya leni, kule kujisogeza kwenyewe kunakufanya uonekane kwa sababu unahama dhidi ya vitu vilivyo nyuma yako, na pia kunamzuia yule wa nyuma asikupite alafu akakata kona mbele ya tairi lako, ambayo ndo ajali ya kawaida sana. Alafu angalia tairi la mbele la gari linalosubiri kuchomoza, usiangalie uso wa dereva peke yake. Uso unaweza kukuangalia usikuone, ila tairi likianza kuzunguka hata robo tu unajua anakuja, na vidole vyako viwe vishakaa juu ya breki zote mbili. Jiulize kila makutano, huyu akitoka sasa hivi naenda wapi? Kama huna jibu, umekuja na mwendo mkubwa mno.

Gari linalokuja mbele yako na linataka kukata kona kupita kwenye leni yako nalo ni hatari kubwa, hasa ukiwa umefichwa na basi au gari kubwa lililo pembeni yako. Dereva anaona basi limesimama limempisha, anaingia, hajui kwamba ubavuni mwa basi kuna baiskeli inakuja na mwendo wake. Kwenye foleni iliyosimama, ukiona pengo limeachwa mbele ya gari fulani, hilo pengo limeachwa kwa sababu, kuna gari au mtu anapita hapo. Punguza kabisa.

Kukata kona ya kuvuka magari yanayokuja, ile ya katikati, kwa mtu ambaye hajazoea nashauri asiifanye kama gari. Pita moja kwa moja mpaka upande wa pili wa makutano, simama kwenye kona, geuza baiskeli, subiri taa ya upande ule iwe kijani, uende. Denmark ndo sheria hasa, baiskeli zinakata kona kwa hatua mbili. Unapoteza dakika moja na huhitaji kuvuka leni tatu za magari ukiwa umenyoosha mkono mmoja.

Kwenye mizunguko, ile midogo ya leni moja, shika katikati ya leni tangu kabla hujaingia mpaka unatoka, usizunguke ukiwa umejibana nje maana kila gari linalotoka litakukata. Mizunguko mikubwa ya leni nyingi mi nashuka natembea na baiskeli kwenye vivuko vya watu. Sioni shida yoyote na hilo.

Kuendesha kinyume na magari

Kuna watu wengi wanaamini kabisa kwamba ni salama kuendesha ukiyatazama magari kwa sababu unayaona yanakuja. Naelewa wanavyofikiria, lakini hesabu inakataa. Gari likija kilomita 50 kwa saa na we unaenda 20 upande uleule, mnakaribiana kwa 30. Ukiwa kinyume mnakaribiana kwa 70, muda wa kila mmoja wenu kufikiria unapungua zaidi ya nusu na kishindo kikitokea ni kingine kabisa. Na dereva anayetoka barabara ndogo anaangalia upande magari yanakotoka, hana sababu ya kuangalia upande wako, anatoka moja kwa moja juu yako. Kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna shida hiyohiyo kila unapokutana na geti au kichochoro, na pia unawatisha wazee na watoto ambao ile ndo sehemu yao pekee.

Chini nako

Shimo lenye maji lichukulie kama halina mwisho. Mifuniko ya chuma na mistari ya rangi ikilowa inateleza, ipite ukiwa umenyooka, usivute breki juu yake wala usikate kona juu yake. Mifuniko ya mitaro yenye nafasi zinazoelekea upande unaoenda inameza tairi jembamba. Reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani pamoja na magari, zivuke ukiwa umezikata karibu na nyuzi 90, ukizivuka kwa mshazari tairi linaingia kwenye mfereji na usukani unakuwa sio wako tena. Mvua ya kwanza baada ya jua la muda mrefu ni mbaya kuliko mvua ya siku ya tatu kwa sababu mafuta na vumbi vinaelea juu ya lami.

Breki ya mbele ndo inayosimamisha baiskeli, ukivuta breki uzito wote unaenda mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi linaburuzika tu. Watu wanaiogopa kwa sababu waliambiwa utapinduka, na kweli utapinduka ukiivuta ghafla mikono ikiwa imelegea. Vuta zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu, rudisha makalio nyuma ya siti, kaza mikono. Fanya mara ishirini kwenye uwanja mtupu mpaka mkono ujue wenyewe. Kama breki zako ni zile za kubana rimu, mvua ikinyesha zinachelewa kushika, zibane kidogokidogo mapema ili zifute maji.

Kabla ya kutoka dakika moja tu, bonyeza matairi, vuta breki moja moja ukisukuma baiskeli mbele, zungusha cheni, tikisa usukani. Mi nimewahi kukuta waya wa breki umebaki nyuzi mbili, asubuhi ya kawaida kabisa.

Kuonekana

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, hata jioni ambapo we mwenyewe unaona vizuri, kwa sababu taa sio ya wewe kuona, ni ya wewe kuonekana. Usiielekeze machoni mwa watu. Riflekta kwenye mwili ni nzuri ila zilizo bora kuliko zote ni zile za kwenye vifundo vya miguu na pedali, zinapanda na kushuka, na dereva akiona kitu kinapanda na kushuka namna hiyo anajua haraka ni mtu, tofauti na nukta moja iliyotulia inayoweza kuwa chochote. Nguo za rangi kali zinasaidia mchana, usiku bila riflekta rangi haina kazi sana.

Spika za masikioni, acha. Najua wengine wanavaa sikio moja, mi nasema acha, ile sauti ya tairi la gari kwenye lami ndo inakuambia kuna mtu kabla hujageuka.

Helmeti vaa, na ivae sawa, ikae tambarare vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ifanye V chini ya sikio, kidole kimoja au viwili viingie chini ya kidevu basi. Ikishapata kishindo kimoja cha maana ibadilishe hata kama haina ufa unaoonekana, yale mapovu ya ndani yameshabonyea. Haizuii ajali, inapunguza tu kinachotokea kichwani, kwahiyo isikupe ujasiri wa kupita pale ambapo bila hiyo usingepita.

Dereva aliyekasirika

Utapigiwa honi, utatukanwa. Usimjibu ukiwa juu ya baiskeli. Ana chuma cha zaidi ya tani moja na hasira, we una mfupa. Punguza, mwache apite, shika namba yake kichwani kama amekuhatarisha. Na ukikutana na yule anayekupisha vizuri, inua mkono umshukuru, anakumbuka, na mwenzako atakayekuja nyuma atapishwa pia.

Ukianguka

Toka barabarani kwanza kama unaweza kutembea, kama huwezi usijiburuze, mwambie mtu asimamishe magari. Kama shingo au mgongo unauma, au mtu amepoteza fahamu, asinyanyuliwe mpaka waje wenye kujua, labda kama kuna hatari kubwa zaidi hapo alipo kama moto. Usiseme "niko sawa" na kuondoka, mwili ukiwa umeshtuka hausikii maumivu, mi na mtulinga uliovunjika nilisimama nikaokota begi langu mwenyewe nikidhani nimechubuka tu. Piga picha namba ya gari, mahali, baiskeli ilipoangukia, omba namba ya simu ya shahidi mmoja au wawili kabla hawajatawanyika, wanatawanyika haraka mno. Kichwa kikiwa kimegonga chini na baadaye ukatapika, ukachanganyikiwa, ukasinzia isivyo kawaida au maumivu ya kichwa yakazidi, hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi, na usilale peke yako usiku huo.

Baiskeli nayo isipandwe kurudi nyumbani hata kama inaonekana nzima. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba, angalia uma wa mbele kwa karibu pale unapoungana na fremu, pitisha kucha uhisi kama rangi imekunjamana au kuna mstari, kwa sababu chuma kilichopinda kidogo leo kinaweza kukatika wiki ijayo ukiwa kwenye mteremko. Isukume kwa mkono mpaka kwa fundi.